Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mke na Mume Wageni Mjini Sulaymaniyah

Mume wangu anafundisha chuoni, mimi nafanya kazi za tafsiri nyumbani, na ndivyo tulivyojikuta wakazi wa Kurdistani ya Iraki. Maswali haya tunaulizwa na ndugu wa Dar es Salaam na Tanga, na marafiki walio Muscat na Dubai. Siku hizi wanauliza hata watu tusiowajua: mmoja kapata kazi huku, mwenzake anajiuliza kama amfuate. Nimejibu kwa jinsi tunavyoishi sisi. Aliye Erbil au Duhok ataona mengine yanatofautiana.

Huko ni Iraki au siyo Iraki?

Ni Iraki, lakini Mkoa wa Kurdistani una bunge lake, serikali yake, polisi wake na askari wake, Peshmerga. Bendera utakayoiona kila kona ni ile yenye jua katikati. Makao ya serikali yako Erbil. Sulaymaniyah, ambao wenyewe wanauita Slemani, uko mashariki, karibu na mpaka wa Irani, mita 850 hivi juu ya usawa wa bahari, na mlima Goizha umesimama nyuma ya nyumba za watu. Mji si mkongwe kama Erbil. Uliasisiwa mwaka 1784 na Ibrahim Pasha wa ukoo wa Baban.

Wenyeji wanajivunia washairi kuliko majemadari. Sherko Bekas, aliyefariki 2013, amezikwa ndani ya bustani ya Azadi, watu wakipita na watoto wao na mifuko ya bisi, na mwenyewe ndivyo alivyousia. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza mji katika orodha yake ya miji ya fasihi. Kisiasa hapa ni ngome ya PUK, chama cha marehemu Jalal Talabani aliyekuwa rais wa Iraki kuanzia 2005 hadi 2014. Erbil na Duhok ni kwa KDP ya akina Barzani. Mgeni hayo asikilize tu, asichangie.

Si kuna vita lakini?

Mama yangu bado anauliza hivi kila akipiga simu. Ndani ya mji maisha ni ya kawaida kiasi cha kuchosha. Sokoni wabadilisha fedha wanapanga mabunda ya noti juu ya meza, barabarani, watu wanapita wanayagusa na mikoba, na hakuna anayekimbia na bunda. Nikirudi usiku na mifuko yangu ya soko sina wasiwasi niliouzoea Kariakoo.

Hatari zipo, ila hazipo pale watu wa nyumbani wanapozidhania. Ya kwanza ni barabara: mwendo wa magari ya Dukan na Darbandikhan unatisha kuliko habari ya usiku. Ya pili ni mabomu ya kutegwa ardhini, masalio ya vita vya Irani na Iraki vya 1980 hadi 1988, hasa pande za Penjwen na milima ya mpakani. Ukienda kutembea, fuata njia iliyokanyagwa, na ukiona alama nyekundu au fuvu, rudi ulikotoka. Milima ya Qandil na mpaka wa kaskazini, ambako Uturuki imekuwa ikipiga kwa ndege kwa sababu ya PKK, wapiganaji wa Kikurdi kutoka Uturuki, usiende kabisa.

Ya tatu ni kufungiwa anga. Baada ya kura ya uhuru ya Septemba 2017, Baghdad ilizuia safari za kimataifa za ndege mpaka Machi 2018. Aprili 2023 Uturuki ilizifungia anga yake ndege za Sulaymaniyah. Juni 2025, Israeli na Irani zilipopigana, anga ya Iraki nzima ilifungwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo weka ndani fedha taslimu za kukutosha mwezi, na kabla ya kusafiri soma bima yako uone kama neno Iraki limeandikwa upande wa kulipwa au upande wa kutolipwa.

Viza na ukaazi vinapatikanaje?

Mwajiri ndiye anayeanza. Viza ya Kurdistani inakuruhusu kuwa ndani ya mkoa huu tu: Erbil, Duhok, Sulaymaniyah na Halabja. Kwa viza hiyo huendi Baghdad wala Basra. Ukishafika unafuata iqama, kibali cha ukaazi, neno ambalo walio Ghuba wanalijua vizuri: barua ya kazi, picha, kupimwa damu, kuhojiwa kidogo na Asayish, yaani watu wa usalama, halafu foleni. Maswali ya Asayish ni ya upole na chai huletwa. Jibu ulichoulizwa, usihadithie.

Hapa ndipo ramani inapokuhusu. Njia fupi ya kwenda Erbil inapita Kirkuk, na Kirkuk iko chini ya Baghdad. Mgeni mwenye viza ya Kurdistani apite Dukan na Koya, saa tatu hivi. Mwambie dereva kabla gari halijaondoka, maana mwenyewe anapita popote na hatakumbuka.

Cheti cha ndoa kina kazi gani?

Kazi kubwa. Mwenzi asiye na ajira anapata ukaazi kwa jina la mwenziwe, na cheti ndicho kinachowaunganisha. Kipigeni mihuri yote nyumbani kabla ya safari, Wizara ya Mambo ya Nje ikiwemo, na kifanyiwe tafsiri. Mwenye nyumba naye atauliza, kwa adabu, kama nyinyi ni mke na mume. Wanaoishi pamoja bila ndoa wajiandae kupata shida ya nyumba.

Nyumba inakuwaje?

Kuna majengo ya ghorofa yenye geti, mlinzi na lifti, na kuna nyumba za mitaani zenye ua mdogo na mti wa komamanga. Wageni wengi hukimbilia geti. Sisi tulichagua mtaa, kwa sababu kwenye ghorofa unaweza kumaliza mwaka hujui jina la mtu. Kodi ya nyumba za wageni hutajwa kwa dola, na dalali wa mtaani anachukua chake. Uliza mambo matatu kabla ya rangi na marumaru: umeme unatoka wapi, tangi la maji lina ukubwa gani, na jiko la sebuleni linatoa moshi wapi.

Umeme?

Hili ndilo linalopanga siku. Kwa miaka mingi kila nyumba imekuwa na umeme wa aina mbili. Upo wa serikali, unaokuja na kuondoka unavyotaka, na upo wa jenereta la mtaa, dude kubwa lililofungiwa kwenye banda la mabati, ambalo unalipia kila mwezi kwa ampia. Ukinunua ampia chache, taa, friji na televisheni vitakwenda. Washa birika la umeme juu yake, swichi inaanguka, unatoka nje gizani kwenda kuipandisha. Mke na mume hapa wanajifunza kupigiana kelele toka chumba hadi chumba: "Nachemsha maji, zima pasi!"

Mwishoni mwa 2024 serikali ya mkoa ilianzisha mpango uitwao Runaki, wa kuleta umeme saa 24 kwa mita za kisasa na kuyazima majenereta, mtaa baada ya mtaa. Moshi umepungua na usingizi umeongezeka. Bili lakini inapanda kwa ngazi kadiri unavyotumia, na anayepasha nyumba nzima kwa hita za umeme wakati wa baridi ataiona ngazi ya juu. Ukitafuta nyumba, uliza kama mtaa umeingia Runaki.

Maji ya bomba hayaji kila siku. Yakija yanajaza tangi la juu ya paa. Siku ya maji ndiyo siku ya kufua.

Hali ya hewa inavumilika?

Julai na Agosti joto linapita nyuzi 40, kavu, nguo zinakauka ukiwa bado unaanika. Si joto la Pwani. Hulowi jasho, unakaushwa. Januari theluji inashuka Goizha na mara nyingine inafika mlangoni. Kuna upepo pia, wenyeji wanauita rashaba, upepo mweusi, unaoshuka milimani na kubeba viti vya plastiki na vyungu vya maua. Watu wengi wanapasha nyumba kwa jiko la mafuta ya taa, liko katikati ya sebule na birika la chai juu yake. Ni zuri na ni la hatari. Acheni dirisha wazi kidogo, na msilale nalo likiwaka.

Mvua na machipuko ndiyo majira yenyewe. Kuanzia Machi vilima vyote ni vya kijani na kando ya barabara wanauza rewas, mmea wa mwituni (Waingereza wanauita rhubarb), unaumenya na kuula na chumvi kama sisi tunavyokula embe bichi.

Fedha mnatumia ipi, na benki je?

Dinari ya Iraki, na dola kwa kodi na vitu vikubwa. Noti ndogo kabisa ni ya 250, kubwa 50,000, na elfu ni fedha ndogo mno kiasi kwamba watu hawaitaji: akikwambia "tano" ana maana 5,000. Kadi zinakubaliwa katika maduka makubwa, kwingine ni taslimu. Dola zako ziwe mpya na safi. Noti yenye mkunjo mbaya, doa la wino au ya chapa ya zamani itakataliwa au itakatwa bei, na mabishano hayasaidii. Badilisha sokoni, hesabu mbele yake, hachukizwi.

Ajue tu mgeni kwamba wafanyakazi wa serikali hapa wamecheleweshewa mishahara mara kwa mara tangu 2014, kwa mivutano ya bajeti kati ya Erbil na Baghdad. Walimu wamegoma kwa ajili hiyo. Unapolalamika bei ya nyama mbele ya jirani mwalimu, kumbuka nani ana mshahara unaoingia kila mwezi.

Kiarabu kinatosha?

Hakitoshi, na kwa vijana wengi hakipo kabisa. Waliozaliwa baada ya 1991 wamesoma kwa Kikurdi. Hapa wanasema Kisorani, kinachoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizoongezwa. Duhok wanasema Kikurmanji, na wenyewe kwa wenyewe wakati mwingine hawasikilizani vizuri. Mswahili ana mtaji: dukan, sabun, saat, hisab, chay, pilipili utaonyesha kwa kidole. Mwanamume unamwita kaka, naye kweli anageuka. Mume wangu ni mamosta, mwalimu, hata kwa muuza nyanya. Anayefanya kazi unamwambia "mandu nabi" pale ambapo sisi tungesema pole na kazi, na ukimwambia fundi wa bomba hivyo anapokuwa chini ya sinki, bei ya pili huwa nafuu kuliko ya kwanza.

Mwanamke anaishije? Anavaaje?

Sulaymaniyah ni mji ulio huru kuliko sehemu nyingi za Iraki. Utaona wasichana wenye jinsi na nywele wazi, wanaendesha magari, wanakaa mikahawani. Mimi navaa suruali au gauni refu, mabega yamefunikwa. Sokoni na mitaa ya zamani naongeza kitambaa begani, si kichwani. Kaptula waachie waume, na hata wao waivae ndani.

Ambalo hukulitegemea ni kwamba mtakuwa katika miji miwili. Tukienda pamoja dukani, muuzaji anasalimiana na mume wangu, anampa mkono, anamuuliza habari, anamwambia bei ya kitambaa changu. Mimi kama sipo. Mwanzoni nilikasirika. Ni heshima kwa kipimo chao: kumkodolea macho mke wa mtu na kumsemesha sana ni utovu wa adabu. Nikienda peke yangu, muuzaji yuleyule ananihudumia vizuri tu. Kwa hiyo mambo yangu ya kununua nayafanya peke yangu.

Upande wa pili, mlango wa wanawake ukifunguka unafunguka wote. Jirani yangu aliingia jikoni kwangu siku ya kwanza bila hodi ndefu, akafungua friji, akacheka, akarudi na bakuli la mtindi na mkate mwembamba uliokunjwa kama shuka. Tangu hapo nimekaa naye sakafuni kufunga yaprakh, majani ya mzabibu na vitunguu vilivyojazwa wali, huku tunazungumza vya kwetu na vya watu. Mume wangu nyumba hiyo ameiona sebule tu.

Mwenzi asiye na kazi atafanya nini kutwa?

Swali hili liulizeni kabla ya tiketi, si baada. Ndoa za wageni zinazoyumba hapa hazivunjwi na siasa. Mmoja anaondoka asubuhi kwenda kwa watu, mwingine anabaki na jenereta. Kazi za kufundisha Kiingereza zipo, mashirika ya misaada yapo ingawa si mengi kama zamani, na kazi za mtandaoni zinafanyika. Lakini hata kabla ya kazi, mwenye kubaki nyumbani awe na lake ambalo halitokani na ofisi ya mwenziwe: darasa la Kisorani, bustani ya asubuhi, jirani. Mimi naenda Chaikhana Shaab, mkahawa wa chai wa tangu 1950 uliojaa picha za waandishi ukutani. Wazee wanacheza domino, wananipa kiti, na hakuna anayeniuliza mume wangu yuko wapi.

Sisi Waafrika wanatuonaje?

Watakutazama, na watoto watataka picha. Mara nyingi ni udadisi mtupu, na unaisha ukisalimia kwa Kikurdi. Hao wa mtaani wakishakuzoea wewe ni wao, wanakutetea kwa wengine.

Lipo gumu zaidi. Wasichana wengi kutoka Kenya, Uganda na Ethiopia wameletwa Iraki, Kurdistani ikiwemo, na mawakala kufanya kazi za ndani, na wengine wamenyang'anywa pasipoti na kunyimwa mishahara. Kwa hiyo mwanamke mweusi akiingia duka kubwa, wapo wanaodhani moja kwa moja kwamba ametumwa na bibi mwenye nyumba. Nimewahi kuulizwa "madamu wako yuko wapi?" mbele ya mume wangu. Mimi najibu kwa utulivu kwamba madamu ndiye mimi, halafu naendelea kuchagua viazi. Ukisikia Kiswahili kwenye foleni, kwa wakala wa kutuma fedha au kanisani, salimia. Kuna watu hawajaongea lugha yao kwa muda mrefu.

Tunaweza kushikana mikono barabarani?

Mikono ndiyo. Kukumbatiana na kubusiana subirini mlango ufungwe.

Dini je?

Mwislamu wa Pwani hatapata ugeni msikitini: Wakurdi wengi ni Masunni wa madhehebu ya Shafii kama sisi, na kunuti ya alfajiri inasomwa. Tarika za Kadiria na Nakshabandia zina mizizi mirefu hapa. Wakristo wapo wachache, Wakaldayo hasa, wenye kanisa lao mtaa wa zamani wa Sabunkaran, na wageni wa madhehebu mbalimbali husali pamoja. Mwezi wa Ramadhani usile wala kuvuta sigara barabarani mchana, hata kama hufungi. Pombe inauzwa katika maduka maalumu. Inywewe nyumbani au mahali pake.

Mnakula nini, na ugali unapatikana?

Wali, kila siku wali, na mchuzi wa maharage, bamia au biringanya, kuku au kondoo. Asubuhi mkate wa tanuri, mtindi, asali, au ufuta uliosagwa na asali ya tende. Samoon, mkate wenye umbo la mtumbwi, ununue ukiwa wa moto na uumalize njiani. Iliki na mdalasini zimejaa sokoni, pilau inapikika bila taabu. Unga wa mahindi unaopatikana kirahisi ni wa manjano. Ugali wake unashikamana lakini si ule. Nazi, ndizi za kupika na mhogo visahau, na samaki ni wa maji baridi. Komamanga za Halabja zikianza kuingia, msimu wa vuli, nunua kwa sanduku.

Tukialikwa?

Mtaalikwa. Mwaliko wa kwanza mwepesi, wa mlangoni, mara nyingi ni adabu. Shukuruni na mkatae. Ukirudiwa mara ya tatu na siku ikatajwa, ni kweli. Viatu mlangoni. Pelekeni peremende za dukani au matunda, mtoto wao asikose chochote. Chakula kitapangwa kwenye kitambaa sakafuni, na sahani yako itajazwa kila ikipungua, hivyo acha kidogo ukishashiba. Mwambie mpishi "dast khosh", yaani umsifu kwa kazi ya mikono yake. Msiondoke kabla ya chai, na msikae sana baada ya matunda.

Ijumaa mnafanya nini?

Ijumaa na Jumamosi ndizo za mapumziko, na Ijumaa ya machipuko mji unahama. Wanaita seyran: majiko, mazulia, samawari, bibi, watoto, wote ndani ya gari moja mpaka Dukan, Ahmad Awa au kilima chochote chenye nyasi. Muziki ukiwashwa watu wanashikana vidole vidogo, bega kwa bega, wanacheza halparke kwa mstari. Mkipita mtaitwa kula, na mtavutwa kwenye mstari, mume na mke. Kilele ni Newroz, mwaka mpya wa Wakurdi, Machi 21: usiku wa kuamkia siku hiyo moto unawashwa vilimani.

Mjini, mgeni aende Amna Suraka, jengo jekundu lililokuwa makao ya usalama ya serikali ya Saddam, likatekwa na wananchi 1991. Kuta za nje bado zina matundu ya risasi. Ndani kuna ukumbi wa vipande 182,000 vya vioo, kimoja kwa kila aliyeuawa katika Anfal, kampeni ya Saddam ya kuwaangamiza Wakurdi, kwa hesabu yao wenyewe, na taa 4,500 kwa vijiji vilivyobomolewa. Nendeni asubuhi, msipange chochote cha mchana. Halabja, ambako watu wapatao 5,000 waliuawa kwa gesi Machi 16, 1988, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Mwenyeji wa makamo hapa ana simulizi lake la 1988 au la kukimbilia mpaka wa Irani 1991. Asubiriwe alitoe mwenyewe.

Ukiugua?

Madaktari wengi asubuhi wako hospitali za serikali, alasiri kwenye kliniki zao binafsi. Nenda alasiri, na mtu anayejua Kikurdi. Kwa upasuaji mkubwa wenye uwezo husafiri nje.

Tulete nini?

Vyeti vyenye mihuri, kadi ya homa ya manjano, dola mpya, na dawa zenu za kudumu pamoja na karatasi ya daktari. Chandarua kiacheni, malaria hakuna. Makoti yako sokoni kwa bei nzuri. Leteni kahawa ya Bukoba au Moshi kwa majirani, unga wenu mweupe kilo chache, na adapta za plagi, kwa sababu zetu za miguu mitatu haziingii kila tundu. Na anayeendesha gari akumbuke kwamba huku tunapita kulia.